Kabla ya Kuwasha Motokaa ya Zamani, Angalia Breki Zake

Wasomaji wengi wameona, katika picha au katika sinema, zile motokaa kubwa za Kimarekani za miaka ya 1950: pana, nzito, zenye rangi mbili na mapambo ya kromiamu yang'aayo kama kioo. Mwezi wa Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kuunda motokaa za raia kwa sababu ya vita, na kazi hiyo ikaanza tena mwaka 1945. Watu walikuwa na kiu ya motokaa, navyo viwanda viliziunda kwa mamilioni.

Nyingi kati ya hizo zimekwisha kuwa vyuma chakavu, lakini nyingine zingali zikitembea. Huko Marekani watu huzitunza kwa mapenzi. Huko Kuba wamezitunza kwa dhiki, kwa maana Serikali ya Marekani ilianza kuzuia biashara na kisiwa hicho mwaka 1960, na vipuri kutoka kiwandani vikawa haba. Mafundi wa Havana wakajifunza kuchonga wenyewe kile walichokikosa.

Mtu apatapo motokaa kama hiyo, iliyolala bandani miaka mingi, jambo la kwanza alitakalo ni kuisikia injini ikinguruma. Huo ni mwanzo mbaya. Injini isiyowaka haimwui mtu, bali breki isiyoshika yaua. Basi somo letu ni juu ya breki, na tuchukue mfano wa Chevrolet ya mwaka 1954.

Jinsi breki inavyofanya kazi

Katika Fizikia tumejifunza kanuni ya Pascal, kwamba mkandamizo wa maji yaliyofungiwa huenea sawasawa pande zote. Breki ya motokaa hii ni kanuni hiyo hiyo, ila badala ya maji yamo mafuta ya breki. Dereva akikanyaga pedeli, pistoni iliyo ndani ya masta silinda husukuma mafuta yapite katika paipu mpaka kwenye magurudumu. Kila gurudumu lina silinda yake ndogo yenye pistoni mbili. Pistoni hizo husukuma viatu viwili vya breki vikandamize dramu kwa ndani, na gurudumu husimama.

Tufanye hesabu kwa mfano. Dereva akanyaga kwa nguvu ya niutoni 300. Pedeli ni wenzo, na tuseme yaizidisha nguvu hiyo mara 5, ikawa niutoni 1,500. Ikiwa uso wa pistoni ya masta silinda ni sentimita 5 za mraba, mkandamizo utakuwa niutoni 300 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya gurudumu yenye uso wa sentimita 6 za mraba itasukuma kwa niutoni 1,800, na pistoni za namna hiyo ziko nane. Hivyo ndivyo mguu wa mtu mmoja unavyoweza kusimamisha chombo chenye uzito wa karibu kilo 1,500.

Lakini tazama hatari yake. Masta silinda ya motokaa hii ina chumba kimoja tu, nacho ndicho kinachopeleka mafuta kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikitoboka, mafuta humwagika hapo, mkandamizo haupatikani, na magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Motokaa za Marekani zilipewa vyumba viwili kwa jumla mwaka 1967, ili upande mmoja ukiharibika wa pili ubaki ukifanya kazi. Dereva wa Chevrolet ya 1954 hubakiwa na breki ya mkono tu, ivutayo viatu vya nyuma kwa waya, nayo ni msaada mdogo sana mteremkoni. Kwa hiyo katika motokaa hii hakuna uvujaji ulio mdogo.

Kazi yenyewe

Kwanza, jilinde. Weka motokaa juu ya sakafu ngumu, zuia magurudumu kwa magogo, na ukiisha kuiinua kwa jeki uiweke juu ya stendi za chuma. Usiingie kamwe chini ya motokaa inayoshikwa na jeki peke yake. Tena jihadhari na vumbi lililomo ndani ya dramu. Viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo ikivutwa pumzini yaweza kuleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Usilipulize vumbi hilo wala usilifagie. Lilowanishe, ulipanguse kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho ukifunge katika mfuko na kukitupa.

Pili, angalia mafuta. Masta silinda ya motokaa hii imefichwa chini ya sakafu, miguuni pa dereva, na ndiyo sababu wengi huisahau. Inua zulia, safisha kifuniko vizuri kabla ya kukifungua, maana punje ya mchanga ikiangukia ndani itakwaruza silinda. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205 za Sentigredi, lakini yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye digrii 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika upesi, pedeli ikazama mpaka sakafuni. Maji hayo hayo huzitia paipu kutu kwa ndani. Basi mwaga mafuta ya zamani yote, na baadaye uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Usitie oili ya injini hata tone moja, kwa kuwa huvimbisha raba zote.

Tatu, kagua paipu na mipira. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mpira wa breki waweza kuwa mzima kwa nje, na kumbe umevimba kwa ndani hata ukawa kama kizibo: mafuta hupita kwa nguvu za mguu, lakini hayarudi, na gurudumu hubaki limebanwa. Mipira ya zamani ibadilishwe yote bila kubahatisha.

Nne, fungua dramu. Inua kingo za raba katika silinda ndogo. Ukiona umajimaji, raba zimechoka. Kiatu kilicholowa mafuta hakioshwi, hubadilishwa. Tena kumbuka jambo hili, ambalo huwakosesha wengi: viatu viwili vya gurudumu moja si sawa. Chenye bamba fupi la kusugulia hukaa mbele, na chenye bamba refu hukaa nyuma, kwa sababu kile cha mbele kikishika husukuma cha nyuma, nacho hufanya kazi kubwa zaidi. Ukivigeuza, breki haitashika kama ipasavyo.

Tano, toa hewa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Usukani wa motokaa hii uko kushoto, basi utaratibu ni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Mwenzako akanyage pedeli polepole, wewe ulegeze skrubu ya kutolea hewa, na uikaze kabla hajainua mguu. Endelea mpaka mapovu yaishe, ukiongeza mafuta juu kila mara.

Mwisho, jaribu. Kanyaga pedeli kwa nguvu, uhesabu mpaka 60. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja, nawe huna ruhusa ya kuondoka. Ikisimama imara, jaribu kwa mwendo wa mtu atembeaye, mahali pa wazi pasipo watu. Usiharakishe, kwani mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zapaswa kuimaliza huongezeka mara nne.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa motokaa hii ya zamani, ufa ni tone la mafuta ndani ya gurudumu, na mwenye kuiendesha huenda asipate nafasi ya kujenga ukuta. Rangi na kromiamu zaweza kungoja mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Breki haziwezi kungoja hata safari moja.