Umeitwa Kijeba? Bado Unaweza Kukimbia

Somo letu leo linamhusu yule mwanafunzi anayekaa pembeni wenzake wakipiga mchakamchaka asubuhi. Zamani alikuwa anawaacha wote mlimani. Kisha akaugua malaria mara kwa mara, au ada ikakosekana, au akapata mtoto. Miaka miwili ikapita. Sasa amerudi darasani, ni mkubwa kuliko wenzake, na kila akijaribu kukimbia anasikia, "Kijeba huyo! Muda wako umepita." Kama ni wewe, au ni rafiki yako, soma mpaka mwisho.

Je, ni kweli muda umepita?

Mtazame Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita, Musoma, mwaka 1953. Mwaka 1976 alikuwa na miaka 23, umri mzuri kwa mkimbiaji, lakini Tanzania ilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika. Siku hizo jina lililotajwa kila mahali lilikuwa la Filbert Bayi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Nyambui akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, huko Marekani. Alikuwa na miaka 25 hivi, akikimbia na vijana wa miaka 18 na 19.

Aliona aibu akaacha? Wapi! Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Bayi naye alipata fedha huko huko, kwenye mbio za kuruka viunzi na maji. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki. Na Nyambui hakuishia hapo. Alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa na miaka 34 na 35.

Kwa hiyo miaka 19 au 20 si uzee. Ila usipunguze umri wako ili uingie kwenye timu. Muulize mwalimu wa michezo masharti ya umri ya kila mashindano. Ukikosa nafasi ya kushindana, uwanja bado upo, na afya ni yako.

Pumzi hurudi kwanza, mifupa baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukianza mazoezi, moyo na mapafu huzoea haraka. Baada ya wiki chache unajisikia mwepesi, unataka kukimbizana na kila mtu. Lakini mifupa na kano za miguu huhitaji miezi. Ukijiachia mapema, muundi unaanza kuuma, na unarudi tena pembeni.

Anza hivi, siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati:

Wiki ya 1 na 2: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 2. Rudia mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 5, tembea dakika 2. Rudia mara 4.
Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 10, tembea dakika 2, kimbia tena dakika 10.

Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika 5. Kipimo chako ni mdomo: kama huwezi kusema sentensi nzima huku unakimbia, punguza mwendo. Wiki ikikushinda, irudie, hakuna anayekufukuza. Kibondo na Kasulu ni nchi ya vilima, kwa hiyo anzia uwanja wa shule. Kumbuka, kushuka mlima kwa kasi kunaitwanga miguu kuliko kupanda.

Angalia damu yako

Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa ya oksijeni. Ukichoka upesi, ukasikia kizunguzungu, au moyo ukaenda mbio kwa kazi ndogo, nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu. Kula maharage, dagaa na mboga za majani pamoja na chungwa au embe. Chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ukiwa na homa, usikimbie kabisa.

Kwa dada aliyejifungua

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani. Kurudi mbioni nako kunawezekana, ila usiharakishe. Anza kwa kutembea, upimwe kliniki wiki ya sita, na kwa kawaida usikimbie kabla ya miezi mitatu. Ukifanyiwa upasuaji, sikiliza daktari.

Aliphine Tuliamuk, mzaliwa wa Kenya aliyesoma chuo Marekani na kuikimbilia nchi hiyo, alijifungua Januari 2021. Agosti mwaka huo alikimbia marathoni ya Olimpiki, akaishia njiani kwa maumivu ya nyonga. Novemba 2022 alimaliza wa saba New York.

Acha mazoezi umwone mganga haraka ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, au mfupa ukiuma sehemu moja hata usiku. Pia dada, kama hunyonyeshi na hedhi imekosekana miezi mitatu, nenda kapime. Inaweza kuwa mimba, au chakula chako hakitoshi kwa mazoezi unayofanya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini pumzi nzuri pekee haitoshi kuongeza kasi?
2. Mwenzenu amerudi shule baada ya miaka miwili. Darasa lenu litafanya nini ili kesho asikae pembeni wakati wa mchakamchaka?