Somo la Mwezi Huu: Kufunga Nzi wa Kuvulia kwa Manyoya ya Kuku

Ndugu wakulima wa skimu, mwezi huu hatutasema juu ya mbolea wala mbegu. Tutasema juu ya kuku, lakini si mayai yake wala nyama yake. Jogoo akichinjwa kwa ajili ya mgeni, manyoya hutupwa jalalani, na mwenye nyumba hudhani ametupa takataka. Katika takataka hizo mna manyoya membamba ya shingoni ambayo mahali pengine duniani watu huyanunua kwa fedha nzuri, maana hufungwa juu ya ndoana ndogo yakawa chambo cha samaki. Chambo hicho wavuvi hukiita nzi, ingawa mara nyingi hafanani hata kidogo na nzi wa jikoni. Samaki akimwona majini hudhani ni mdudu, akamdaka.

Msiseme kwamba hiyo ni kazi ya wageni tu. Nchi yetu inajulikana kwa kufunga nzi, na wengi wanaouzwa katika maduka ya wavuvi ya Uingereza na Marekani wamefungwa kwa mikono ya Wakenya. Tena kazi yenyewe ni ya kale. Karibu na mwaka 200 mwandishi wa Kirumi aitwaye Aelian alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo yenye rangi kama ya nta. Sufu na manyoya ya jogoo! Hakuna hapo kitu ambacho mkulima wa Subukia hana uani kwake.

Sasa, samaki gani? Samaki anayesifiwa zaidi na wavuvi wa namna hii ni trauti. Hakuwa wa nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa rangi ya udongo kutoka Loch Leven huko Scotland, wakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Miaka michache baadaye aina ya pili, mwenye ubavu wa rangi ya upinde wa mvua, aliletwa kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 Serikali ilifungua kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti hupenda maji baridi yaendayo kasi. Maji yakizidi nyuzi joto 20 hivi, huanza kutaabika, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha.

Kwa hiyo msitegemee kumwona chini bondeni kwetu. Maji ya Subukia huteremka kwa mto Waseges kuelekea kaskazini, yakaingia ziwa Bogoria, na humo hakuna samaki hata mmoja kwa ajili ya magadi. Anayemtaka trauti apande barabara ya Nyahururu, apite upande wa Nyandarua, hata mito ya juu ya Malewa na Turasha inayoshuka kwenda Naivasha. Lakini wenye mabwawa ya shamba wasikate tamaa. Perege, ambaye wengi wetu twamwita tilapia, hula wadudu wa majini vilevile, na nzi mdogo aliyezama polepole mara nyingi humshawishi. Kadhalika yule samaki wa mdomo mpana aliyeletwa ziwa Naivasha kutoka Marekani katika miaka ya 1920 hudaka nzi mkubwa kwa nguvu nyingi.

Kabla ya kufunga nzi, mtu sharti ajue samaki anakula nini. Hapa ndipo wengi hukosea: hufunga nzi wa kupendeza macho yao wenyewe, wa rangi saba kama kitambaa cha harusi, na samaki humtazama tu. Nendeni mtoni mahali maji yanapopita juu ya mawe. Inueni jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, mligeuze, mtazame upande wa chini kwa utulivu. Mtaona kidudu chembamba cha rangi ya udongo chenye mikia mitatu mirefu, kikitambaa upesi kukimbia mwanga. Huyo akikomaa hutoka majini akapata mbawa, na baada ya hapo haishi sana. Wengi hufa katika siku moja au mbili. Mtaona pia kitu kama kijiti kilichoundwa kwa mchanga na vipande vya majani vilivyogandishwa pamoja. Kivunjeni polepole, ndani mna funza aliyejijengea nyumba. Hao wawili ndio ugali wa trauti kila siku. Wakati wa mvua huongezeka panzi wanaoanguka kutoka majani ya ukingoni, na kumbikumbi, ambao hata sisi wengine hatuwaachi.

Nitakaa kidogo juu ya mawe hayo, maana yana somo kubwa kuliko la uvuvi. Mtu akigeuza mawe kumi asione mdudu wa mikia mitatu hata mmoja, na zamani walikuwako, basi mto huo umepatwa na jambo. Mara nyingi jambo lenyewe limetoka kwetu wakulima. Dawa nyingi za kupe na za kupulizia mimea hufanya kazi kama ile dawa iliyomo katika ua la pareto, zao ambalo wilaya hizi za juu zimelijua tangu zamani. Pareto haimdhuru sana ng'ombe wala mtu, nasi twaisifu kwa hiyo, lakini samaki na wadudu wa majini huuawa nayo hata ikiwa kidogo mno. Mtu anayesuuza pampu ya dawa kijitoni, au anayeacha maji ya josho yatiririke hata mtoni, huua wadudu wa mawe kwanza, na baada yao samaki, au wafe pamoja siku hiyohiyo. Tena maji hayo jirani wa chini huyachota kwa mtungi. Katika ofisi yetu ya kilimo watu huja kuandikisha habari za ng'ombe na mahindi. Sijaona mtu aliyekuja kuandikisha kwamba mawe ya mto wake hayana wadudu. Ingefaa aje, na mapema, maana pampu moja iliyosuuzwa leo yaweza kugunduliwa ilikotoka, na ya mwaka jana haigunduliki.

Basi tushike kazi ya mikono. Manyoya ya jogoo na ya tetea hayafanani. Manyoya ya shingo ya jogoo mzee, aliyepita mwaka mmoja, ni magumu na yanang'aa; yakifungwa, vinyuzi vyake husimama juu ya maji na nzi huelea. Manyoya ya tetea ni laini, hunywa maji, na nzi huzama akichezacheza kama aliye hai. Mwenye kuku wa kishingo asinung'unike kwamba jogoo wake hana kitu shingoni: atazame manyoya marefu yanayoangukia pande mbili za mgongo, karibu na mkia, yanafaa vilevile. Msimnyonyoe kuku aliye hai. Ngojeni siku ya kuchinja, kisha yaosheni manyoya kwa sabuni, myaanike kivulini, na kuyaweka katika bati lenye kifuniko pamoja na vidonge vya nondo, la sivyo wadudu watayala yote kabla hamjafunga nzi wa pili.

Vifaa vingine ni hivi: ndoana namba 12, uzi mwembamba wenye nguvu, nta ya nyuki, mkasi wenye ncha, sufu ya kondoo au manyoya ya sungura wa kufugwa, na waya mwembamba wa shaba kutoka katika mota iliyoungua. Fahamuni kwamba namba ya ndoana ikizidi, ndoana hupungua. Ya 16 ni ndogo kuliko ya 12. Ya kushikia ndoana ni jiliwa ndogo, na asiye nayo atumie koleo lililokazwa mpini kwa mpira wa baiskeli na kufungwa juu ya meza.

Tuanze na nzi wa kuzama, maana ni rahisi, na samaki hula chini ya maji kuliko juu. Bana ndoana mahali inapopinda, tundu lielekee mkono wako wa kulia. Paka uzi nta. Anza nyuma kidogo ya tundu, uzungushe uzi kwa kukaza hata ufike pale ndoana inapoanza kupinda. Hapo funga vinyuzi vinne au vitano vya unyoya kuwa mkia, urefu wake usipite urefu wa shina la ndoana. Hapohapo funga ncha ya waya, uuache ukining'inia.

Sasa twaa sufu, lakini kidogo sana. Ukidhani umetwaa kidogo, punguza nusu. Isokote juu ya uzi kwa dole gumba na kidole cha shahada, ukisokota upande mmoja tu. Ukisokota mbele na nyuma itafumuka. Zungusha uzi huo wenye sufu kuja mbele, mwili uwe mwembamba mkiani na kunenepa kidogo kifuani, ukome milimita mbili kabla ya tundu. Nafasi hiyo ni ya lazima. Katika wanafunzi kumi wa kazi hii, tisa hujaza sufu hata tundu likafunikwa, na mwisho hawana mahali pa kufunga unyoya wala pa kupitisha mshipi. Leta waya mbele kwa mizunguko minne iliyoachana, ukizungusha kinyume cha sufu ili usizame ndani yake, ufunge na kuukata.

Chagua unyoya wa tetea ambao vinyuzi vyake vina urefu wa mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana. Toa manyoya mepesi ya shinani, funga kikonyo nyuma ya tundu, zungusha unyoya mara mbili tu, funga, kata ncha. Lainisha vinyuzi kwa vidole vielekee nyuma. Maliza kwa kichwa kidogo cha uzi, piga vifundo vitatu juu yake, na utie tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Toboa tundu kwa sindano kabla halijakauka. Ukitaka nzi wa kuelea, fanya hivyohivyo, lakini acha waya, na unyoya uwe wa jogoo, mizunguko mitatu au minne.

Anayetaka kuuza ajue kwamba mnunuzi hatafuti nzi mmoja mzuri. Anataka dazani zilizolingana, mkia kwa mkia, kichwa kwa kichwa. Nzi kumi na moja walio sawa na mmoja mnene ni dazani iliyokataliwa. Kwa hiyo pimeni na hesabuni mizunguko kila mara, wala msibadili mtindo kwa kuchoka.

Jambo la sheria lisisahauliwe. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali kwa anayekutwa na viungo vya mnyama wa porini bila kibali. Msitumie manyoya ya mdiria, wala ya mbega, wala ya ndege yeyote wa msituni, hata mkimwokota amekufa. Kuku, bata, kondoo, mbuzi na sungura wa kufugwa wanatosha kabisa. Tena kabla ya kutupa mshipi katika mto wowote, nendeni ofisi ya uvuvi mkaulize juu ya leseni, na anayetaka kuvua ndani ya msitu wa Serikali aombe ruhusa kwa walinzi wa msitu.

Kazi ya mwezi huu: geuzeni mawe kumi, tano juu ya shamba lenu na tano chini yake, mwandike katika daftari wadudu mliowaona na idadi yao pande zote mbili. Kisha fungeni nzi sita wa kuzama. Waweke katika glasi ya maji mmoja mmoja na kumtazama anavyoshuka; anayebaki juu amejaa sufu mno. Mwezi ujao tutajifunza kutupa mshipi, na kwa hilo hamtahitaji mto, bali uwanja wa majani na kipande cha sufu kilichofungwa mahali pa ndoana.