Kabla ya kupulizia dawa shambani, tuitazame hali ya hewa

Wengi wetu tunaishi kwa jembe. Nyanya, viazi, kahawa na mboga tunazolima hushambuliwa na wadudu na magonjwa, nasi hulazimika kupulizia dawa. Tunaziita dawa kwa sababu huokoa mmea, lakini nyingi kati ya hizo ni sumu kwa mwili wa binadamu. Mwezi huu tujifunze jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: hali ya hewa ina sehemu kubwa katika kuamua sumu hiyo itue wapi. Yaweza kutua juu ya jani, au kuingia mwilini mwetu, kisimani, au katika sufuria ya jirani.

1. Upepo

Upepo mkali huchukua matone madogo ya dawa na kuyapeleka mbali na mmea. Tuangalie miti. Ikiwa majani yanatikisika kidogo, na upepo tunausikia usoni kwa upole, hali ni nzuri. Ikiwa majani na vijitawi vinachezacheza bila kutulia, na vumbi linainuka, tusipulizie. Kama tumekwisha kuanza, tusimame.

Tuchukue majani makavu au vumbi kidogo, tuliachie kutoka usawa wa kifua, tuone linakoelekea. Je, huko kuna nyumba, watoto, mifugo au kisima? Basi tungoje upepo ugeuke. Wakati wa kupulizia, upepo utupige ubavuni, kamwe usitupige usoni. Tuanze na mstari ulio upande ule upepo unakoelekea, kisha tusogee mstari kwa mstari kuelekea upepo unakotoka. Kwa njia hiyo dawa inayopeperuka huenda kwenye mistari tuliyokwisha kupulizia, nasi tunatembea pasipo na dawa.

2. Utulivu unaodanganya

Wengi hufikiri kwamba saa nzuri kuliko zote ni alfajiri, hewa ikiwa imetulia kabisa. Sivyo. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, huku hewa ya juu ikibaki na joto. Hewa ya baridi ni nzito, haipandi. Matone madogo hubaki yakielea ndani yake, kisha husafiri polepole kufuata bonde hadi penye nyumba.

Dalili yake ni moshi wa jikoni. Ukipanda na kutawanyika, hewa inachanganyika vizuri. Ukilala juu ya bonde kama shuka, tungoje. Hali hii huweza kurudi jioni jua linapozama.

3. Jua kali

Joto likifika nyuzi 30 au zaidi, na hewa ikiwa kavu, matone hupungua ukubwa kabla ya kufika kwenye jani, nayo huwa mepesi ya kupeperushwa. Tena mwili hutoka jasho, na ngozi yenye joto na jasho hupitisha sumu kwa urahisi zaidi. Ndipo mtu anapovua glavu na kitambaa cha usoni kwa sababu anaona joto, na kujifuta uso kwa mkono wenye dawa.

4. Mvua na umande

Mvua ikinyesha mara baada ya kupulizia, dawa huoshwa na kwenda mtoni na kisimani. Mkulima hurudia kazi, naye anakutana na sumu mara ya pili, na fedha imepotea. Tusome maandishi ya kwenye chupa tujue dawa yahitaji saa ngapi kukauka. Mawingu ya mvua yakiwa yametanda, tuahirishe. Umande mwingi nao hufanya dawa itiririke chini.

Saa zinazofaa

Mara nyingi ni asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, yaani kati ya saa 2 na saa 4. Au alasiri kuanzia saa 10, tukimaliza kabla jua halijazama. Hata hivyo saa peke yake haitoshi. Tuangalie miti, moshi na mawingu kila mara. Hali ya hewa nzuri haiondoi haja ya nguo za mikono mirefu, buti, glavu za mpira, na kufunika pua na macho.

Dalili za sumu

Baadhi ya dawa za wadudu huleta kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, jasho na mate mengi, machozi, kuhara, kifua kubana, misuli kutetemeka, na mboni za macho kuwa ndogo sana. Wengine hudhani ni malaria, wakanywa dawa na kulala. Ni hatari! Aliyetoka kupulizia akijisikia vibaya, amwambie mhudumu wa afya hivyo mara moja.

Huduma ya kwanza: tumwondoe shambani, tumvue nguo zote zenye dawa, tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele pia. Anayemhudumia avae glavu. Tusimtapishe, wala tusimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii. Aliyezimia alazwe kwa ubavu. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na chupa ya dawa au karatasi yake, ili waganga wajue watumie tiba gani.

Siku moja ya kungoja haiwezi kuangamiza shamba zima. Lakini sumu yaweza kumwondoa baba au mama katika nyumba kwa siku moja.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Shambani petu, upepo wa asubuhi hutoka wapi, nao huelekea kwenye nyumba ya nani?
2. Nani kati yetu huweza kusoma maandishi ya chupa kwa ajili ya wengine?
3. Baada ya kupulizia, tunaogea wapi, na nguo zile hufuliwa na nani?