Kuwahudumia Wenye Usonji Wakati wa Dharura na Baada Yake

Katika dharura, anayelia huhudumiwa kwanza na aliyetulia huambiwa asubiri. Kwa mtu mwenye usonji, kipimo hicho hupotosha. Hofu yake huweza kuonekana kwa kujitikisa, kuziba masikio, kurudia neno lilelile, kukimbia au kunyamaza kabisa. Wapo pia wanaofuata maelekezo kwa utulivu mkubwa, kisha wakazidiwa siku au wiki kadhaa baadaye.

Ving'ora, taa kali, msongamano na kuguswa na wageni humlemea mtu ambaye tayari ratiba yake imevunjika. Akizidiwa, hata aliyezoea kuzungumza vizuri anaweza kushindwa kusema. Hali hiyo si utundu, si ukaidi wala si ulevi. Kumfokea au kumkamata kwa nguvu huizidisha.

Kwa hiyo, king'ora kizimwe mara inapowezekana. Mhudumu mmoja tu azungumze, kwa sentensi fupi, na asubiri jibu. Mtu aarifiwe kabla ya kuguswa, wala asinyang'anywe kitu alichokishika. Mlezi wake ni sehemu ya huduma na asitenganishwe naye bila sababu ya lazima. Majeraha yakaguliwe hata pasipo malalamiko, kwa kuwa baadhi ya wenye usonji hawaonyeshi maumivu kwa namna iliyozoeleka. Mtoto akitoweka, mito, visima na madimbwi ya karibu yakaguliwe mapema, kwani wengi wenye usonji huvutwa na maji.

Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang, Tanzania, Desemba 2023, manusura walihifadhiwa shuleni. Katika makazi ya namna hiyo, pembe moja tulivu, saa za chakula zisizobadilika na ratiba ya picha ukutani hurejesha utaratibu uliopotea.

Ibara ya 11 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha ulinzi na usalama wao katika hali za hatari. Haki hiyo haiishii kwenye uokoaji. Kukosa usingizi, kukataa chakula, au mtoto kupoteza stadi alizokwisha kujifunza ni dalili zinazohitaji rufaa, hata zikichelewa. Jalada la manusura mwenye usonji lisifungwe siku ya tukio. Liandikwe tarehe ya kumtembelea tena, na jina la mhudumu atakayekwenda.