Matumaini na Dawa: Kila Kimoja na Kazi Yake

Kijitabu cha familia inayouguza mgonjwa nyumbani

Mgonjwa akimeza kidonge cha maumivu, pengine huanza kusikia nafuu hata kabla dawa haijaingia kwenye damu. Nafuu hiyo ni ya kweli, wala hajisingizii. Kijitabu hiki kinaeleza inatoka wapi na inaishia wapi, ili familia iitumie bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Nafuu hii inatoka wapi?

Dawa mpya inapopimwa, baadhi ya wagonjwa hupewa plasebo, yaani kidonge au sindano isiyo na dawa ndani. Nao wengi husema wamepata nafuu. Wapo ambao ugonjwa ungepoa wenyewe, lakini si wote. Mwaka 1978, watafiti wa California waliwafuatilia watu waliong'olewa meno. Wale ambao plasebo iliwapunguzia maumivu walipopewa naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini mwilini, maumivu yaliongezeka tena. Ilionekana kwamba mtu akitarajia nafuu, ubongo wake hutoa kemikali zake za kutuliza maumivu.

Ndiyo maana kauli ya anayehudumia ina uzito. Nchini Italia, watu waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu zaidi walipoambiwa kitandani kwamba wanapewa dawa ya maumivu, kuliko mashine ilipowapa dawa ileile bila wao kujua.

Hofu nayo hufanya kazi. Aliyeambiwa "dawa hii itakuumiza" anaweza kupata kichefuchefu au kuumwa kichwa hata kwa kidonge kisicho na dawa.

Inaishia wapi?

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa wagonjwa wa pumu inhela yenye dawa na inhela isiyo na dawa, kwa nyakati tofauti. Walipoulizwa, nafuu waliyoitaja ilikaribiana. Walipopuliza kwenye kipimo cha mapafu, dawa ilikuwa imeongeza nguvu ya pumzi kwa takriban asilimia 20, na ile nyingine kwa asilimia 7 tu. Mtu anaweza kusema "sasa nahema vizuri" na mapafu bado yamebana.

Mwaka huohuo wa 2011, maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wengi walirudi wakisema wamepona. Wapo walioacha ARV (dawa za kupunguza makali ya UKIMWI) au dawa za kisukari kwa kuwa walijisikia vizuri, kisha wakazidiwa. Tunawaelewa, kwani kila anayeuguza hutamani kupona. Lakini virusi, sukari na vimelea vya malaria haviondoki kwa matumaini peke yake, na hali ya mgonjwa hujulikana kwa kupima.

Nyumbani tufanye nini?

- Unapompa mgonjwa dawa, kaa naye. Mwambie kwa upole: "Bibi, hiki ni kile cha presha alichokuandikia daktari. Kinakukinga na kiharusi." Mpe maji, msubiri ameze.
- Usimtishe kuhusu madhara ya dawa. Mweleze yale aliyosema mhudumu wa afya, na la kufanya yakitokea.
- Usimdanganye kwa kumpa kidonge kisicho chake. Akigundua, hatakuamini tena hata kwa dawa ya kweli.
- Dua, sala na kutembelewa na ndugu humtuliza mgonjwa. Viendelee pamoja na dozi.
- Akisema "nimepona", furahini naye, kisha mpelekeni akapime. Asiache wala kupunguza dawa kabla ya kuzungumza na daktari.
- Kama anatumia mitishamba, mwambieni daktari bila kuogopa. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali.

Usisubiri nafuu

Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja ukiona:

- degedege au kupoteza fahamu;
- mtoto anashindwa kunyonya au anatapika kila kitu;
- kupumua kwa shida;
- maumivu makali ya kifua;
- mdomo kwenda upande, au mkono kukosa nguvu ghafla.

Dalili hizi zikitulia njiani, msigeuze. Fikeni, apimwe.