Dondoo Muhimu: Kuajiri kwa Haki Tarime na Serengeti

Upendeleo usio wa makusudi ni mwelekeo wa akili kumpima mtu kwa sifa zinazodhaniwa za kundi lake kabla ya kumfahamu, na katika maeneo kama Nyambureti wilayani Serengeti, ambako jina la Chacha, Mwita au Bhoke hutambulisha mara moja asili ya Kikurya, huweza kuanza pale tu barua ya maombi inapofunguliwa. Kwa hiyo mwajiri, awe wa mgodi, hoteli ya kitalii au shule, amkabidhi karani kazi ya kufunika jina na kijiji cha mwombaji na kuweka namba, ili wachambuzi wasome ujuzi pekee.

Maswali ya usaili yaandikwe mapema, yawe yaleyale kwa wote, na kila msaili aandike alama zake kabla ya majadiliano. Hatua hii ya mwisho ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa sauti ya mkubwa ikitangulia, wengine huifuata. Dhana kwamba Mkurya anafaa ulinzi kuliko uhasibu, au kwamba mwanamke hawezi mitambo, ni dhuluma. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, jinsia, ujauzito na ulemavu, na kinamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa.