Si kila doa kwenye ini ni saratani

Watu wengi hupigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa, labda maumivu ya tumbo, kisha huambiwa kuwa "kuna doa kwenye ini." Wapo ambao huanza kuusia watoto kabla hata ya kumwona daktari mara ya pili. Hofu hiyo naielewa, lakini uvimbe wa ini usio na madhara unaopatikana sana ni hemanjioma, yaani fundo la mishipa midogo ya damu. Huo hauwi saratani.

Ultrasaundi pekee mara nyingi haiwezi kutoa hukumu. Hapo daktari huomba MRI yenye dawa. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu, si miale ya eksirei. Mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolinia katika mshipa wa mkono, kisha ini hupigwa picha mara kadhaa kwa muda wa dakika chache.

Kwa nini mara kadhaa? Ini hupata damu kwa njia mbili. Takribani robo tatu huja kwa mshipa mkubwa utokao matumboni, na iliyobaki huletwa na ateri. Saratani inayoanzia kwenye ini hujiotea mishipa yake na kula karibu yote kutoka kwa ateri. Kwa hivyo, nusu dakika hivi baada ya sindano, uvimbe huo hung'aa kuliko ini lililouzunguka. Dakika chache baadaye ini zima limepata dawa, nao uvimbe umekwisha kuipoteza na unaonekana mweusi. Kung'aa upesi na kufifia upesi ndiyo dalili tunayoihofia, hasa kwa mtu mwenye makovu ya ini au virusi vya hepatitisi B. Kwake yeye, uvimbe wa sentimita 1 au zaidi wenye dalili hizo mbili waweza kutibiwa kama saratani bila hata kukatwa kipande cha kupimwa.

Hemanjioma ni mvivu. Hujaa dawa polepole kuanzia pembeni, vibonge vibonge, ikielekea katikati, na hubaki inang'aa. Zile ndogo huweza kujaa mara moja na kutuchanganya, ila hazififii. Saratani iliyosambaa kutoka kwingine, kama utumbo mpana, mara nyingi huonyesha pete tu, katikati giza.

Ndiyo maana sipendi mgonjwa akimbilie kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha ini. Sindano hiyo ina mahali pake, lakini inaweza kuleta kutoka damu.

Aliye na hepatitisi B, au aliyekunywa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi, asikawie. Hata sumu ya kuvu la mahindi, ile iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004, huleta saratani ya ini ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu.

MRI si rahisi kwa mfuko. Kabla ya kulipa, uliza kama ini litapigwa picha kwa hatua zote baada ya sindano. Mweleze mhudumu ukiwa na ugonjwa wa figo, mimba, au chuma chochote mwilini, hasa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Nazo picha zako za zamani nenda nazo. Uvimbe ambao haujakua kwa miaka miwili humsaidia sana daktari anayezisoma.